Kahawa Iliyoupa Moshi Ndugu wa Mbali: KNCU Ikisomwa Kutoka Kibiti

Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, ambacho karibu kila Mtanzania anakijua kwa herufi zake nne, KNCU, kiliandikishwa tarehe 1 Januari 1933. Kimeshavuka miaka 90, umri ambao vyama vichache sana vya wakulima barani Afrika vimeufikia. Katika muda huo kiliwahi kuvunjwa kwa amri ya serikali, kikafufuliwa, kikayumba sokoni, kikajishikiza tena. Jengo lake bado limesimama katikati ya mji wa Moshi.

Mtu wa kata ya Mtawanya, wilayani Kibiti, mwenye mikorosho yake na kijaruba cha mpunga, ana sababu nzuri ya kuisoma historia hii. Moshi ni mji wenye ndugu ng'ambo. Ni mji dada wa Delray Beach, Florida, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2014 ulianza ushirikiano rasmi na Tübingen, mji wa chuo kikuu kusini mwa Ujerumani. Mikataba hiyo ilitiwa saini na viongozi wa miji, lakini jina la Moshi lilikuwa limeshatangulia zamani, likiwa limeandikwa kwenye magunia ya kahawa. Na nyuma ya magunia hayo kulikuwa na chama ambacho wakulima wenyewe walikipigania.

Bonde la Rufiji nalo liliwahi kuunganishwa na Ujerumani kwa zao, miongo mitatu kabla ya KNCU. Yaliyotokea huko yanafaa kutangulia, kwa sababu ndiyo yanayoonyesha kwa nini zao peke yake halitoshi kuwafanya watu wa mbali kuwa ndugu.

Warufiji hawakumngoja mkoloni awafundishe kulima. Mto ulipofurika wakati wa masika kisha ukarudi kwenye mkondo wake, uliacha tope jipya, na juu ya tope hilo walipanda mlau, mazao yaliyokua kwa unyevu uliobaki ardhini bila kutegemea mvua nyingine. Kule delta walilima mpunga mahali ambapo bahari ikijaa husukuma maji baridi ya mto yakapanda mashambani. Mpunga ulipoanza kubeba, familia ilihamia shambani na kuishi kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu, jiko likiwa juu, maji yakipita chini, mtumbwi ukiwa umefungwa kwenye nguzo, na mtu mmoja siku zote yuko macho kuwafukuza ndege mchana na nguruwe usiku. Karne ya 19 mchele wa huku ulipakiwa majahazini ukapelekwa Unguja. Hiki kilikuwa kilimo chenye ziada na chenye soko, kwa ratiba iliyopangwa na mto.

Mwaka 1902 serikali ya Gavana Gustav Adolf von Götzen iliivuruga ratiba hiyo. Viwanda vya nguo vya Ujerumani vilitegemea pamba ya Marekani, na wenye viwanda walitaka kuondokana na utegemezi huo. Kamati ya Uchumi wa Makoloni, iliyoundwa Berlin, ilikuwa imeshaanza kutafuta pamba kwingine. Kufikia 1901 watu wanne kutoka Taasisi ya Tuskegee, Alabama, chuo cha Booker T. Washington, walikuwa wamefika Togo kwa niaba yake ili kuanzisha kilimo cha pamba. Huku kusini mwa Dar es Salaam, pamba ilikuja na akida na kiboko. Watu waliamriwa kulima mashamba ya pamoja kwa siku zilizowekwa, wakati ule ule ambao mpunga na mlau vilihitaji mikono. Malipo ya mwanzo yalikuwa madogo kiasi kwamba baadhi yao walikataa kuyapokea.

Julai 1905, huko Nandete katika milima ya Umatumbi, watu waling'oa miche ya pamba, na vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe ambaye maji yake yaliwaunganisha watu wa makabila mengi, alinyongwa Mohoro mwezi Agosti mwaka huo huo. Vita viliendelea hadi 1907. Wajerumani wenyewe walikadiria vifo 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyekusanya masimulizi ya wazee, aliona idadi ilifika kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakiwa wameuawa na njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa. Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alikwenda Songea akaomba msamaha.

Kwa hiyo Rufiji na miji ya nguo ya Ujerumani zina historia ya kilimo ya pamoja. Ipo, ina tarehe, ina majina. Lakini upande mmoja wa historia hiyo ulikuwa umeshika mizani na upande wa pili umeshika jembe kwa kulazimishwa, na udada wowote ambao ungejengwa juu yake ungepaswa kuanzia makaburini.

Kahawa ya Kilimanjaro ilichukua njia nyingine, ingawa nayo ilipitia Pwani. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu waliofungua misheni Bagamoyo mwaka 1868 walipanda kahawa yenye asili ya kisiwa cha Réunion, ambacho zamani kiliitwa Bourbon. Walipopanda mlimani katika miaka ya 1890 na kufungua misheni Kilema na Kibosho, kahawa ilipanda pamoja nao. Mkoa wa Pwani, ambao Kibiti imo ndani yake, ulikuwa mlango wa zao lililokuja kuitajirisha Moshi. Jambo hili halisemwi mara nyingi, wala Moshi wala Pwani.

Wachaga, wenyeji wa mlima huo, walipoiona kahawa, waliichukua na kuiingiza kihambani, shamba la migomba la nyumbani. Hawakufyeka migomba ili kuipisha. Waliipanda chini ya kivuli cha migomba, ikinyweshwa na mifongo, ile mifereji iliyochimbwa vizazi vingi kabla ya mzungu yeyote kufika mlimani, na ikirutubishwa na samadi ya ng'ombe wa zizini. Chakula kilibaki pale pale kilipokuwa, na fedha ikaongezeka juu yake. Tofauti kati ya kihamba cha Kibosho na shamba la pamoja la pamba la Rufiji ni hiyo: mlimani zao jipya lilikubali ratiba ya mkulima, Rufiji mkulima alilazimishwa kuacha ratiba yake.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ofisa wa Kiingereza Charles Dundas, aliyekuwa Moshi kati ya 1919 na 1924, aliwahimiza wananchi walime kahawa kwa wingi. Walowezi walikasirika. Walisema kahawa ya Waafrika ingeeneza magonjwa na kwamba buni zingeibwa, lakini hofu yao kubwa zaidi ilikuwa nyingine: mtu mwenye kahawa yake hatakwenda kuchuma kahawa ya jirani kwa ujira mdogo. Nchini Kenya walowezi kama hao walifanikiwa kuwazuia Waafrika wasilime arabika hadi miaka ya 1930. Kilimanjaro walishindwa. Walishindwa kwa sababu mwaka 1925 wakulima walikuwa wameshaunda chama chao, Kilimanjaro Native Planters' Association, chini ya urais wa Joseph Merinyo. Chama kilinunua dawa za kuua wadudu, kilikusanya kahawa na kuiuza kwa pamoja, na, pengine lililo kubwa kuliko yote, kilizungumza na serikali kwa sauti moja.

Ukubwa huo ndio ulioiogopesha serikali. Chama cha Waafrika chenye maelfu ya wanachama, chenye fedha na chenye maoni juu ya ardhi, hakikuwa jambo dogo. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kiliingia katika matatizo ya fedha na ya uongozi, na serikali ikaitumia nafasi hiyo kukibadilisha. Sheria ya vyama vya ushirika ilipitishwa mwaka 1932, na mwaka uliofuata KNCU ikazaliwa, ikiwa na vyama vya msingi vijijini na chama kikuu mjini, na meneja Mzungu, A. L. B. Bennett.

Historia za maadhimisho hupenda kuruka mwaka 1937. Haifai kurukwa. Mwaka huo wakulima wenyewe waliishambulia KNCU. Walivamia ofisi na maghala ya vyama vya msingi kwa sababu bei ilikuwa imeshuka na sheria iliwabana wauze kahawa yao kwa chama tu. Waliona chombo chao kimegeuzwa mkono wa serikali. Ghasia zilizimwa na chama kikabaki, lakini tangu hapo uongozi ulijua kwamba mwanachama anaweza kuja na panga kudai mahesabu. Huenda woga huo ndio uliokifaa chama kuliko sheria yoyote.

Siku ya kupeleka kahawa ilikuwa na mpango wake. Tunda jekundu lilichumwa kwa mkono, moja moja, kwa kuwa kwenye tawi moja kuna lililoiva na lililo bichi. Jioni ile ile lilimenywa kwa mashine ya kuzungushwa kwa mkono, likavundikwa hadi utelezi utoke, likaoshwa kwa maji ya mfongo, kisha likaanikwa kwenye vichanja na kugeuzwa kila mara, wanawake na watoto wakikimbia kulifunika wingu likitanda. Baada ya hapo gunia lilibebwa kichwani hadi chama cha msingi. Karani alichovya mkono ndani, akatoa konzi, akainusa, akaipima. Malipo ya kwanza yalitolewa pale pale, na malipo ya pili yalikuja baada ya kahawa kuuzwa. Ni malipo hayo ya pili yaliyolipa karo.

Na karo ililipwa kweli. Bei ilipopanda baada ya Vita Kuu ya Pili, mlima ulijaa mabati na madarasa. Mwaka 1952 Thomas Marealle, aliyechaguliwa na Wachaga, akawa Mangi Mkuu, kiongozi wao wa juu, na ujumbe kutoka nchi nyingine ulikuja kutazama jinsi wakulima wadogo walivyoendesha biashara ya kimataifa. Mwaka 1963 Chuo cha Ushirika kilifunguliwa mjini Moshi. Leo ni Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, hadhi iliyopatikana mwaka 2014. Mnada wa kahawa ya nchi nzima ulifanyika Moshi pia. Mji mdogo chini ya mlima ukawa mahali ambapo mnunuzi wa Hamburg na mkulima wa Rombo walihitajiana.

Kisha likaja pigo. Mwezi Mei 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchini kote, KNCU ikiwemo, na kazi zake zikahamia mamlaka ya zao. Wakati ulikuwa mbaya kupita kiasi. Julai 1975 jalidi kali lilikuwa limeunguza mibuni ya Paraná, Brazil, na kufikia 1977 bei ya kahawa duniani ilipanda kuliko wakati wowote uliowahi kukumbukwa. Neema hiyo ilimkuta mkulima wa Kilimanjaro hana chama. Sheria ya 1982 ilirudisha ushirika na KNCU ikaanza upya mwaka 1984, lakini mkataba wa kimataifa wa kahawa ulivunjika mwaka 1989, bei ikaanguka, na katikati ya miaka ya 1990 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kuingia vijijini. Vyama vingi vya Afrika vilikufa katika wimbi hilo. KNCU ilitafuta pa kushika: mwaka 1993 ilijiunga na biashara ya haki, na kahawa yake ikaanza kuuzwa Ulaya kwa wanywaji waliotaka kujua imetoka kwa nani.

Hapo ndipo habari ya miji dada inapoingia.

Mpango wa miji dada nchini Marekani ulianzishwa na Rais Dwight Eisenhower mwaka 1956, akiamini kwamba amani haitaletwa na mabalozi peke yao. Tanzania haikuchelewa: Mwanza na Würzburg ya Ujerumani zimeshirikiana tangu 1966. Tanga, Arusha na Dar es Salaam nazo zina ndugu zao. Lakini ukitaka mfano ambamo shamba ndilo lililozaa undugu, Delray Beach yenyewe ni mfano mzuri kuliko mingi, kwa sababu kabla ya Moshi ilikuwa na dada mwingine: Miyazu, mji wa pwani katika mkoa wa Kyoto, Japani.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Jo Sakai, kijana wa Miyazu aliyesoma New York, alifika kusini mwa Florida na kuanzisha makazi ya wakulima Wajapani yaliyoitwa Yamato. Walilima mananasi. Baada ya miaka michache ugonjwa ukashambulia mashamba, na mananasi ya bei rahisi kutoka Kuba yakafurika sokoni. Wengi walirudi kwao au walihamia kwingine. Mmoja aliyebaki ni Sukeji Morikami, aliyefika mwaka 1906 akiwa na umri wa miaka 19 kwa ahadi kwamba baada ya miaka mitatu ya kazi angepata fedha na ardhi. Mfadhili wake akafariki kabla ya kutimiza ahadi hiyo. Morikami alikaa darasani na watoto wadogo ili ajifunze Kiingereza, akalima mboga, akanunua ardhi kidogo kidogo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ilichukua sehemu kubwa ya eneo la Yamato ikajenga uwanja wa ndege za kijeshi. Yeye aliendelea kulima. Kabla ya kufa mwaka 1976, mkulima huyo ambaye hakuwahi kuoa alitoa ardhi yake iwe bustani na makumbusho ya watu wote. Makumbusho ya Morikami yalifunguliwa mwaka 1977, na mwaka huo huo Delray Beach na Miyazu zikawa miji dada. Mkataba wao umesimama juu ya mananasi yaliyoshindwa na mtu aliyekataa kuondoka.

Florida na Tanzania nazo zilikuwa zimeshaunganishwa na mmea zamani, pengine bila watia saini wa Delray Beach na Moshi kulijua hilo. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, ambako ilikuwa imepelekwa kutoka Yucatán na daktari Henry Perrine katika miaka ya 1830. Iliyofika hai pwani yetu na kupandwa karibu na Pangani ni 62. Kutokana na hiyo 62 yalitoka mashamba makubwa ya mkonge ya Tanga, Morogoro na tambarare za Moshi, zao lililokuja kuwa la kwanza kwa mauzo ya nje ya Tanganyika.

Sasa turudi Kibiti, wilaya iliyomegwa kutoka Rufiji katikati ya muongo wa 2010. Mwaka 2017 jina lake lilisikika nchi nzima kwa mauaji ya viongozi wa vijiji na askari, na watu wa Mtawanya, Bungu na Nyamisati wamebeba jina hilo kwa muda mrefu kuliko walivyostahili. Aprili 2024 walisikika tena, safari hii kwa mafuriko. Wilaya hii ina habari nyingine ya kusimulia, na ni habari ya korosho.

Mkorosho ulitoka Brazil, ukaletwa na Wareno hadi Msumbiji, ukasambaa pwani nzima. Mwaka 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000. Muongo mmoja na ushei baadaye, mwaka 1986/87, mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Ugonjwa wa ubwiri unga ulichangia, na bei ndogo pia, lakini kuhamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa kulifanya madhara makubwa: watu waliwekwa mbali na mikorosho yao, na mikorosho isiyopaliwa ikamezwa na pori. Rufiji ilikuwa imetangulia kuonja uhamisho huo, katika operesheni iliyofuata mafuriko ya 1968. Zao liliinuka tena kwa dawa ya salfa, kwa utafiti wa Naliendele, na tangu 2007 kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao mkulima wa Pwani anaujua vizuri: korosho zinapelekwa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha msingi, zinapimwa, zinapangwa daraja, zinaingia ghalani, na chama kikuu cha mkoa, CORECU, kinaziuza mnadani.

Zinakwenda wapi? Nyingi zinasafirishwa ghafi kwenda Vietnam na India. Huko India, tangu enzi za Waingereza, korosho za Tanganyika na Msumbiji zimekuwa zikishushwa kwa ajili ya Kollam, mji wa pwani wa Kerala, ambao viwanda vyake vya kubangua vimewaajiri wanawake kwa malaki. Jimbo la Kerala liliunda shirika lake la korosho mwaka 1969 ili kuokoa ajira zao. Mwanamke wa Mtawanya anayeokota korosho chini ya mti, akiitenga na bibo lake kwa kidole, na mwanamke wa Kollam anayeigonga ganda kwa rungu dogo la mbao huku mikono ikiwa imepakwa mafuta ili utomvu usiichome, wameshika tunda moja kwa vizazi kadhaa bila kuonana.

Kama Halmashauri ya Kibiti itataka dada, Kollam ina dai lenye mizizi kuliko mji wowote wa Ulaya. Pia kuna la kujifunza kutoka huko: viwanda vya kubangua vilivyojengwa nchini na serikali katika miaka ya 1970, kimoja kikiwa Kibaha katika mkoa huu huu, vingi vilifungwa, na ujuzi ambao vilikosa upo Kerala. Moshi ilikwenda kwa ndugu zake ikiwa na KNCU mkononi. Kibiti itahitaji kwanza AMCOS zenye mahesabu ambayo mwanachama anaweza kuyasoma ukutani, na malipo yanayofika kwa tarehe iliyoahidiwa. Ujumbe wa kwanza kwenda Kerala unaweza basi kuwa wa wanawake wachache wanaookota korosho, wakiwa na kilo chache za korosho za Pwani kwenye mfuko na maswali kuhusu mashine za kubangulia, bei na ujira.